Je, Mahame Yanatudai Kitu?

Nyumbani kwetu Batsinda kuna mti uliotugawa. Ni umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, na umesimama kwenye kona ya ua, hatua tatu tu kutoka ukuta wa jikoni. Mwaka huu mizizi yake ilipasua mfereji wa maji ya mvua, ikapita chini ya ukuta wa jirani na kuutia ufa unaoweza kuingia kidole. Baba alisema ukatwe kabla ya mvua za Aprili. Bibi alisema ukikatwa mti, na yeye akatwe. Basi Baba akanigeukia mimi: "Wewe ndiye unayesoma. Haya, tuambie. Kati ya mti na ukuta, kipi chenye haki?"

Niliomba wiki mbili. Nilidhani nitapata jibu jioni moja, kwa sababu swali lilionekana dogo. Lakini kadiri nilivyolifikiria, ndivyo nilivyoona kwamba Baba hakuniuliza habari za mti. Aliniuliza kama mahali palipotoweka panaweza kutudai kitu sisi tulio hai.

Mti huu haukupandwa kwa ajili ya kivuli. Ulikuja mwaka 2008 juu ya lori, katikati ya magodoro na masufuria, ukiwa kigingi kisicho na jani hata moja. Mwaka huo familia za Kiyovu ya chini, mtaa ambao kila mtu aliuita Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, zilihamishwa kutoka katikati ya mji wa Kigali, na nyingi zililetwa hapa Batsinda, wilaya ya Gasabo. Nyumba tulizikuta zimekwisha kujengwa, ndogo, za aina moja, zimepangwa kama madaftari dukani. Nilikuwa na miaka 6. Siku ya pili niliingia nyumba ya watu, nikaketi nikingoja uji, na mama wa nyumba ile akanipa uji kwanza ndipo akaniuliza mimi ni wa nani. Jina Batsinda kwa Kinyarwanda lina maana ya "wanashinda". Bibi alipolisikia mara ya kwanza aliuliza, "Wanamshinda nani?" Mpaka leo tukitaka kumchekesha tunamrudishia swali hilo.

Kigingi kile alikikata mwenyewe kwenye ua wa nyumba yake ya Kiyovu, alfajiri, kabla lori halijafika. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameishi pale tangu mwaka 1978, alipokuja mjini kufua nguo katika nyumba kubwa za Kiyovu ya juu, na ukiuacha mwaka 1994, ambao haongei habari zake, hakuwahi kulala usiku mmoja nje ya kiwanja kile. Kwa nini basi, kati ya vitu vyote, alibeba kijiti?

Ili kumwelewa Bibi lazima msomaji ajue ikigabiro ni nini. Wafalme wa Rwanda wa zamani hawakujenga kwa mawe. Jumba la mfalme lilikuwa nyumba kubwa ya duara ya miti, matete na nyasi, iliyosukwa kama kikapu, na kuizunguka kulikuwa na nyua, ua ndani ya ua. Vigingi vya nyua hizo vilikatwa kutoka miti inayoota tena ikichomekwa ardhini: umuvumu, umuko, umuyenzi. Mfalme hakukaa mahali pamoja. Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alikuwa na makazi mengi sehemu mbalimbali za nchi, na alihama hama na jeshi lake, ng'ombe wake na watu wake. Mjerumani von Götzen alipoingia Rwanda mwaka 1894 alimkuta Kageyo, upande wa magharibi. Mfalme alipoondoka, nyasi zilioza, matete yakaliwa na mchwa, na baada ya miaka michache nyumba haikuonekana tena. Lakini vigingi vilikuwa vimetia mizizi. Ua uligeuka kuwa duara la miti mikubwa. Duara hilo ndilo ikigabiro, na watu waliliheshimu. Kule Rubengera, wilaya ya Karongi, ikigabiro cha Rwabugiri kinajulikana hadi leo. Na hapa kwetu Gasabo, kwenye kilima kilichoipa wilaya jina, juu ya ziwa Muhazi, masimulizi yanasema ndipo ufalme ulipoanzia, lakini mgeni akipanda pale akitafuta kasri atarudi na picha za migomba.

Mwalimu wetu wa historia aliwahi kutueleza kwamba hata Ujerumani, alikotoka Richard Kandt aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, kuna ngome nyingi za zama za kati zilizotoweka namna hiyo. Mabwana wadogo wa vijijini, kwenye nchi tambarare isiyo na milima ya kujifichia, walichimba handaki pande zote za nyumba na kulijaza maji. Ukoo ukiisha au ukifilisika, wakulima walibeba mawe wakajengea mazizi yao. Kilichobaki mara nyingi ni duara la bonde dogo kwenye majani, linaloonekana vizuri jua likiwa chini. Wanafunzi wenzangu walicheka kwamba Wazungu nao walijenga vitu visivyodumu. Mimi nilivutiwa na jambo lingine. Kule na huku, kilichobaki si nyumba. Kilichobaki ni mpaka wake.

Kiswahili kina neno zuri kwa mahali kama hapo, nalo ni hame, kwa wingi mahame. Linatokana na kuhama. Gofu ni kitu kingine. Gofu lina kuta. Mtu akienda Kilwa Kisiwani ataona magofu ya Husuni Kubwa, kasri la matumbawe la karne ya 14, na hata asiyejua lolote ataelewa kwamba aliyeishi pale alikuwa na nguvu. Gofu linajitetea lenyewe. Hame haliwezi. Hame linamhitaji mtu asimame pale na kusema: hapa palikuwa na watu. Asiposema, hapana kitu ila majani.

Hapo ndipo ugomvi wa Baba na Bibi ulipo.

Baba si mtu mgumu. Hoja yake niliichukua kwa uzito, na bado naona ina nguvu kuliko watu wanavyopenda kukubali. Anasema mahali si mtu. Mahali hapahisi njaa, hapatukanwi, hapaumii. Deni ni kati ya watu, na deni la Kiyovu lilifungwa, kwa sababu nyumba ilipimwa, ikathaminiwa, tukalipwa, tukahama. Kama fidia haikutosha, hilo ni suala la hesabu, na hesabu hairudishwi kwa mizizi. Tena aliongeza kitu kilichoninyamazisha. Alisema, "Wewe uliyekwenda Nyanza na shule, uliniambia mwenyewe kwamba ikulu ilihama na mfalme. Basi na sisi tumehama na nyumba yetu. Nyumba ni sisi."

Ni kweli nilimwambia. Kwa Kinyarwanda mtu haendi "kwenye ikulu", anaenda ibwami, yaani kwa mfalme. Neno halitaji jengo. Tulipokwenda Nyanza, mji ambao Yuhi V Musinga aliufanya makazi ya kudumu mwaka 1899, tulionyeshwa Rukari nyumba ya mfalme iliyojengwa upya kwa mfano wa zamani, na nyuma yake nyumba ndogo ya maziwa na nyumba ndogo ya pombe. Rafiki yangu mmoja alinung'unika kwamba ni ya kuigiza, si ile yenyewe. Wakati ule nilikubaliana naye. Sasa naona alikosea. Nyumba ya nyasi hata mfalme akiwa ndani yake ilikuwa ikiezekwa upya, fito zikibadilishwa, matete yakifumwa tena. Ukiuliza "ile yenyewe" ilikuwa ipi, huwezi kuonyesha siku hata moja ambayo haikuwa ikitengenezwa. Ile yenyewe ilikuwa kazi ya kuitengeneza, na watu waliojua jinsi ya kuifanya.

Kwa hoja hiyo Baba angeshinda. Kama nyumba ni watu na kazi yao, basi Kiyovu yetu iko Batsinda, salama, na mahame hayatudai kitu. Nilikuwa karibu kumwambia hivyo. Kisha ikatokea safari ya basi.

Nilimsindikiza Bibi mjini, macho yake yakaangaliwe. Basi lilipita karibu na mteremko ulikokuwa mtaa wetu. Mbele yetu waliketi vijana wawili waliovaa vizuri, na mmoja akamwambia mwenzake kwa kidole kioo kikiwa wazi: "Hapa zamani palikuwa pori tu. Hapakuwa na kitu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasifu maendeleo ya mji, na mimi pia nayasifu. Bibi alikuwa amemsikia. Nilingoja amjibu, kwa maana si mtu wa kunyamazia jambo. Hakujibu. Alifungua mkoba wake, akatoa kadi ya hospitali, akaisoma jina lake lililoandikwa pale, akairudisha.

Tangu siku ile hoja ya Baba haikunitosha. Sikuiona kuwa ya uongo. Niliona imeacha kitu. Fidia inalipa nyumba. Hailipi ule ukweli kwamba mtu aliishi mahali fulani miaka 30, akazaa hapo, akafagia hapo, akagombana na majirani kuhusu maji machafu. Ukweli huo hauna bei kwa sababu hauuzwi, lakini unaweza kupotea. Na ukipotea, aliyeibiwa ni mtu hai, aliyeketi ndani ya basi na kadi mkononi.

Kwa hiyo nakubali na Baba kwamba mahali hapatudai. Wanaotudai ni watu ambao mahali pale ni ushahidi wao. Uzito wa deni, kwa maoni yangu, unategemea jinsi ushahidi huo ulivyo hatarini. Sisi wa Rwanda tunalijua jambo hili kuliko tulivyotaka kulijua. Kutoka kwetu mpaka Gisozi si mbali. Kumbukumbu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi za Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Pale hakuna anayeuliza kama tulinde kuta kwa sababu ni nzuri. Zinalindwa kwa sababu wapo watu wanaosema halikutokea. Silinganishi Kiyovu na Nyamata, na atakayesoma hivyo atakuwa amenisoma vibaya. Mtaa wetu ulihamishwa, watu wake wako hai na wanauza nyanya hapa barabarani. Nasema tu kwamba mambo makubwa hutufundisha jinsi ya kuyapima madogo. Neno "hapakuwa na kitu" ni dogo mdomoni mwa kijana yule, lakini ni neno la aina ambayo hairuhusiwi kupita bila kujibiwa.

Kuna pingamizi moja ambalo nilijipa mwenyewe, na lilinisumbua usiku. Ibigabiro vinamkumbuka nani? Mfalme. Miti ile ni ya jina lake. Lakini mfalme hakuchimba shimo hata moja. Vigingi vililetwa mabegani na watu, na wengi wao hawakuwa na hiari. Chini ya Rwabugiri kulikuwa na uburetwa, kazi ya lazima ambayo wanyonge waliifanya kwa machifu ili waendelee kukaa kwenye ardhi waliyokaa. Nyumba za watu hao zilikuwa za nyasi zile zile, nazo ziliisha vile vile, lakini hakuna anayeonyesha duara la miti na kusema hapa alikaa mbeba vigingi. Je, tukiheshimu ikigabiro, hatuheshimu jeuri iliyokijenga? Na tukikikata, hatumfuti mbeba vigingi kwa mara ya pili? Kwa maana mti ule ndio alama pekee ya mkono wake iliyobaki.

Nilimpelekea Bibi swali hili, akiwa anachambua maharage. Nilitumia maneno mengi, kama wanafunzi tunavyofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mfalme aliacha miti yake nyuma. Mimi nimeubeba wangu. Hukujiuliza kwa nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Na jibu, baada ya kulisikia swali, lilikuwa wazi. Mfalme aliweza kuacha miti kwa sababu hakuna mkulima ambaye angethubutu kuigusa. Akiwa mbali, hata akiwa amekufa, jina lake liliilinda. Bibi alijua kwamba chochote atakachokiacha Kiyovu hakitasimama hadi jioni. Hakuwa na jina la kulinda kigingi. Alikuwa na bega tu. Wakubwa wanakumbukwa na mahali, na maskini, kama watakumbukwa, ni kwa kile wanachoweza kupakia kwenye lori.

Ikiwa ni hivyo, mti wa kona ya ua wetu si wa Batsinda. Ni shahidi aliyehamishwa mara moja na akakubali kuota. Wala Bibi mwenyewe, kwa kuubeba, hakuamini kwamba ushahidi umefungwa kwenye udongo wa mahali. Angeamini hivyo angeuacha.

Wiki mbili zilipokwisha tuliketi sebuleni, na jirani alikuwepo pia kwa sababu ukuta ni wake. Nilisema hivi. Ukuta una haki, kwa kuwa nyuma yake wanalala watoto watatu, na ukuta ukianguka usiku wa mvua hakuna kumbukumbu itakayowainua. Hakuna hame, liwe la mfalme au la mfua nguo, lenye ruhusa ya kumwangukia mtoto. Mti ukatwe. Lakini usikatwe kama kuni. Vikatwe kwanza vigingi, achague Bibi mwenyewe, navyo vipandwe penye nafasi. Na mtoto yeyote wa nyumba hii anayejua kusema jina lake aweze kusema vigingi vimetoka wapi, kwa mfuatano: Kiyovu, Batsinda, na huko viendako.

Baba alisema hiyo ni haki. Jirani alishukuru, akasema atasaidia kwa panga. Bibi ndiye aliyeuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria katika siku zote kumi na nne. "Penye nafasi ni wapi?"

Kiwanja chetu hakina nafasi ya mti mwingine. Viwanja vyote vya safu yetu havina. Shangazi yangu ana shamba Rutunga, karibu na kilima chenyewe cha Gasabo, na alikubali kwa simu, lakini alionya kwamba yeye ana miaka 60 na wanawe wako mjini, na mtoto wake wa kwanza ameanza kuzungumza na wanunuzi. Nilisema tupande hata hivyo. Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza lori litakuwa la nani, nasi tukacheka, naye akacheka baadaye kidogo.

Mti ulikatwa Jumamosi, na kazi ilichukua asubuhi nzima kwa sababu shina lilikuwa nene kuliko tulivyodhani. Utomvu mweupe ulitiririka mpaka kwenye mfereji. Bibi alitoa kiti nje, akachagua matawi matatu yaliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono, akayapima kwa shubiri na kumwonyesha jirani mahali pa kukata. Vigingi viwili vilikwenda Rutunga kwa basi, nimevishika kati ya magoti, na kondakta alinitoza nauli ya mzigo. Tumevichomeka kwenye mpaka wa shamba la Shangazi upande wa ziwa. Cha tatu Bibi alikataa kukitoa. Kimo ndani ya ndoo ya plastiki yenye udongo karibu na mlango, na Baba, ambaye ndiye aliyetaka mti ukatwe, humwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini, akidhani hatumwoni. Ni wiki ya tano sasa. Jana niliona pembeni mwa gome kitu cha kijani, lakini inawezekana ni kuvu.